Spika ya Uani

Miaka ile ya hamsini masikio ya mama yangu yalikuwa yameanza kuziba. Kila penye maulidi hukaa uani na wanawake wenzake, akarudi na neno lile lile: "Leo tena sikuambulia kitu." Lilinichoma. Mimi fundi wa redio hapa Mabawa, mama yangu asisikie? Nikaapa maulidi ya nyumbani kwetu atayasikia.

Amplifaya nikaiunda mwenyewe. Waya wa transfoma niliuzungusha kwa mkono, nikikosea nafumua naanza upya. Juu ya bati nikapanga valvu, zile globu za kioo zinazokuza sauti. Sikuzifunika, maana zikiwaka huwa moto hazishikiki, zinataka hewa.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, mtambo niliuweka ukumbini, kati ya wanaume barazani na wanawake uani. Nilihofia umeme utapungua, nilihofia watoto watakanyaga waya. Nilimfukuza paka. Shemeji yangu alipopita na kahawa nikamfokea.

"Alaa! Mtambo huo, au mmeweka mwari humo?" akanicheka.

Sikucheka. Msomaji akaanza, na spika ya uani ikatoa sauti nzito, safi. Nikachungulia. Mama ameinua uso, midomo yake inamfuata msomaji neno kwa neno, machozi yanamtoka. Wallahi nami nililia, na hata hivyo roho haikutulia, jicho langu halikubanduka kwenye zile globu.

Mara mama akaja ukumbini, mrashi mkononi. Kwetu mwenye furaha hunyunyiza marashi, wala hachagui wa kumnyunyizia. Akanirashia kichwani. "Mungu akuweke, mwanangu." Kabla sijafumbua mdomo akaurashia na mtambo.

Ta! Ta! Valvu mbili zikapasuka, nilizozingoja miezi zije na meli. Spika ikakata. Lahaula! Hofu zangu zote zile, na marashi sikuyafikiria hata kidogo. Ningemkemea vipi?

Barazani hawakujali. Wakaitikia kwa nguvu zaidi, na wanawake uani wakapokea, nyumba nzima ikavuma. Mama alisimama katikati yetu na mrashi wake, akiwatazama watu midomo, huku na huku. Kisha akanishika mkono.

"Mbona wameacha kusoma, mwanangu?"