Risiva Tatu na Kitanda cha Bibi

Risiva ya kwanza kuingia nyumbani kwetu ilinuka mende. Kama hujawahi kuishi nao karibu, nikueleze, maana si harufu ya uchafu wa kawaida. Ni nzito, ina utamu fulani mbaya, kama mafuta ya karanga yaliyochacha kwenye chupa isiyo na kizibo, na ukishaivuta inakaa nyuma ya ulimi hata baada ya kula. Fundi Mashaka aliiweka juu ya kabati, akaunganisha waya, akawasha. Sote tulikaa tukingoja picha. Kabla ya picha wakatoka wao. Joto la ndani liliwaamsha, wakaanza kuchomoza kwenye vitundu vya pembeni vya kupitishia hewa, wadogo kwanza, kisha wakubwa wenye mabawa, wakashuka juu ya kitambaa cheupe alichokifuma Mama kwa mkono na kutawanyika ukutani. Mmoja aliangukia kwenye chai ya Baba. Waliochelewa kutoka wakaanza kuungua humo ndani, na harufu ikawa kitu ambacho sina jina lake. Mimi nilikimbilia uani kutapika.

"Imekaa muda mrefu dukani," alisema Fundi Mashaka huku akikanyaga huku na huku kama mtu anayecheza ngoma. "Lakini mashine yenyewe ni nzima."

"Nzima kwa hao," alijibu Bibi kutoka kitandani kwake. "Wameshahamia, wameshazaa. Sisi wapangaji utatuweka wapi?"

Tulikuwa tunakaa Ifakara, upande wa Lumemo, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa shule ya msingi, umri wa kujua kila kitu kinachosemwa nyumbani na kutoruhusiwa kusema lolote. Baba alikuwa mnunuzi wa mpunga. Wakati wa mavuno alizunguka kwa lori kutoka Kiberege mpaka Malinyi akikusanya magunia, na mavuno ya mwaka ule yalikuwa yamemwendea vizuri, ndiyo maana akaamua nasi tuone televisheni kama watu wa mjini. Enzi zile antena ya kawaida kule kwetu ilikuletea chenga tupu. Picha zilipatikana kwa dishi, na usifikirie haya madogo ya siku hizi yanayobebwa kwa mkono mmoja. Letu lilikuwa la waya, pana kuliko meza ya kulia chakula, limesimamishwa uani juu ya nguzo ya zege, na kunguru walilifanya choo chao tangu wiki ya kwanza. Dishi linakusanya mawimbi kutoka kwenye setilaiti, kichwa kilicho mbele yake kinayapokea, waya unayaleta ndani, na risiva ndiyo inayoyageuza kuwa picha na sauti. Ukiwa na dishi zuri na risiva mbaya, una nguzo ya kunguru tu. Kwa hiyo swali la nyumba yetu msimu ule lilikuwa risiva ipi.

Fundi Mashaka, ambaye ndiye pekee mjini niliyesikia akitajwa kwa kazi ile, alikuwa nazo tatu. Ya bei ya chini ilikuwa ile ya mende, iliyotumika, ya kutafuta stesheni kwa kuzungusha kinobu. Ya bei ya juu ilikuwa na mota ya kugeuza dishi lenyewe kutoka setilaiti moja hadi nyingine, kwa hiyo ilileta stesheni za nchi ambazo hatukuweza hata kuzitaja. Ya katikati haikugeuza chochote. Ilitazama sehemu moja tu, lakini ilikuwa na rimoti, ilikumbuka stesheni ulizoziweka, na ilisafisha chenga hata mawingu yakitanda. Baba alitaka ya juu. Mdogo wake, Baba mdogo Deo, aliyekuwa amekuja kutoka mashamba ya miwa ya Kidatu kutafuta maisha mapya na kulala kwenye kochi letu, aliitaka zaidi ya Baba.

Mama hakusema anataka ipi. Alisema zionjwe. Hapa lazima nieleze, kwa sababu kila kilichofuata kilisimama juu ya neno hilo. Kwetu mnunuzi wa mpunga hanunui kwa macho. Anachukua kiasi kidogo, kinakobolewa, anakwenda kupika nyumbani kwake na kula na watu wake. Wali ukimpendeza, anarudi na magunia. Usipompendeza, anarudi na kusema, "Haukutukaa," na mwenye mpunga hamuulizi kwa nini. Hata kama anajua mpunga wake ni mzuri, hamuulizi. Kumuuliza ni kumtukana yeye na mkewe na jiko lake. Baba alikuwa ameishi kwa desturi hiyo maisha yake yote, na alikwisha kuwarudishia watu wengi mpunga wao kwa neno hilo moja. Basi Mama aliposema risiva zionjwe nyumbani moja moja, Baba hakuona ubaya, na Fundi Mashaka, aliyekula wali huo huo, alikubali.

Sasa nikueleze kuhusu kitanda cha Bibi. Bibi alikuwa mama yake Baba. Aliletwa kutoka upande wa Mahenge kwa ajili ya kidonda cha mguu kilichokataa kupona, ili awe karibu na hospitali. Muuguzi alisema kidonda kinataka hewa, na chumba pekee chenye madirisha mawili makubwa kilikuwa sebule. Ndiyo maana kitanda chake cha chuma kilikaa sebuleni, chini ya dirisha. Kila asubuhi Mama alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi nami nikishika beseni. Sitakudanganya kwamba nilizoea. Bandeji ilipobanduka ilitoa mlio mdogo wa kunata, na harufu yake ilikuwa kama ya nanasi lililooza, na mara nyingi niligeuza uso. Bibi aliniona. Aliniita mke mwenzake, kama bibi wanavyotutania wajukuu wa kike, na aliniambia, "Mke mwenzangu, pumulia mdomo. Mimi mwenyewe napumulia mdomo." Kisha Mama alifunga bandeji safi, akafungua madirisha, na mpaka saa ya chai sebule ilinuka sabuni.

Ya mende iliondoka siku ile ile. Ikaja ya juu, na ile mota. Baba mdogo Deo alibonyeza rimoti, na huko uani dishi likanguruma na kugeuka taratibu, kunguru wakaruka, na ndani tukaona mieleka. Wanaume wanene waliojipaka mafuta walikuwa wakikaliana vichwani. Jirani mmoja aliyepita aliona kupitia dirishani. Kesho yake walikuja wengi. Keshokutwa yake Baba mdogo alikaa mlangoni na kopo la maziwa ya unga, na kila aliyeingia alitumbukiza chochote.

Nisikilize vizuri, maana napenda watu na napenda nyumba yenye wageni. Lakini wale hawakuwa wageni. Mgeni anabisha hodi, anasalimia, anauliza habari za mgonjwa. Wale waliingia na matope ya mashambani hadi kwenye mikeka, wakakaa kwenye makochi, kwenye mikono ya makochi, na yalipojaa, wakakaa kwenye kitanda cha Bibi, miguuni pake, migongo yao ikimgeukia. Walitema maganda ya miwa sakafuni. Walijifuta mikono ya samaki wa kukaanga kwenye vitambaa vya Mama. Mmoja aliyekuwa amekunywa alijamba kwa sauti na wengine wakacheka mpaka wakashikana mabega. Asubuhi nilifagia makamasi yaliyokauka kwenye mguu wa meza, na chini ya kitanda cha Bibi nilikuta makohozi, mazito, ya kijani, mahali ambapo yeye alikuwa akiweka kandambili zake. Nilikuwa nimeshika beseni la usaha kwa miezi na sikuwahi kuona kinyaa cha namna ile.

Jioni moja, kijana aliyekaa karibu na mto wa Bibi alikunja pua. "Mbona hapa pananuka?"

"Vumilia kidogo," alisema Baba mdogo kutoka mlangoni. "Kuna mgonjwa."

"Sisi tumelipa, bwana. Mgonjwa si ana chumba?"

Bibi alikuwa macho. Aliuvuta mguu wake chini ya shuka, taratibu, asimguse mtu. Ni hilo tu alilofanya.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Baba mdogo alizungumza na Baba kwa sauti ya mtu mwenye mipango. "Kaka, tumhamishie mama kule stoo. Kwa muda tu, mpaka risiva ijilipe. Nitatoa magunia mawili matatu, kitanda kinaenea kabisa."

Stoo yetu haikuwa na dirisha. Ilikuwa na magunia ya mpunga mpaka juu, vumbi lake la kuwasha, na panya ambao usiku uliwasikia wakisaga. Mikojo yao ilikuwa imeingia kwenye saruji. Mtu mwenye kidonda kibichi kulazwa na panya ni jambo ambalo hata mtoto alilielewa. Nilimwangalia Baba. Alimega ugali, akauviringa mkononi muda mrefu, akasema, "Tutaona." Nilimpenda baba yangu na nampenda mpaka leo, lakini tonge langu nililirudisha kwenye sahani. "Tutaona" ya Baba ilikuwa "ndiyo" isiyotaka kuonekana uso.

"Deo," Bibi aliita kutoka sebuleni. Mlango ulikuwa wazi na alisikia yote. "Wewe ulipokuwa mdogo uliharisha msimu mzima. Nilikubeba mgongoni, inatiririka mpaka kisigino. Hakuna siku nilikuweka stoo."

"Mama, si hivyo. Ni kwa muda."

"Na kuharisha kulikuwa kwa muda."

Baba mdogo alicheka kicheko cha kukwepa, akala, kisha akaenda kuanza kutoa magunia. Tulisikia likidondoka la kwanza. Mama hakuwa mtu wa kubishana na mume wake mbele ya mama mkwe na shemeji, na hata angebisha, lingekuwa neno lake dhidi ya maneno ya wanaume wawili. Alinawa mikono. Akaenda sebuleni, akachomoa waya wa risiva ukutani, akaufunga vizuri kwa kuuzungusha, akaikumbatia mashine ile na kurudi nayo pale Baba alipokaa. Akaiweka kwenye mkeka, kando ya bakuli la mboga.

"Baba Anastasia," alisema, maana Anastasia ndilo jina langu, "hii haikutukaa."

Baba aliinua uso. Niliuona mdomo wake ukijiandaa kuuliza. Na nilimwona akikumbuka kwamba hilo haliulizwi. Nyumba ilionja, jiko likasema halitaki, na yeye, aliyewafungia watu wangapi midomo kwa neno hilo hilo mabondeni kote, angeulizaje? Alitazama risiva, akatazama mlango wa sebule ambako mama yake alikuwa amelala, kisha akafuta mkono na kusimama.

"Deo," aliita. "Rudisha hayo magunia. Halafu umpelekee fundi mashine yake."

"Kwani imefanya nini?"

"Haikutukaa."

Hivyo ndivyo tulivyochagua risiva ya katikati. Hakuna aliyeisifia, ila ilionjwa kama zenzake na haikumtoa mtu mahali pake. Mieleka haikuonekana tena, na bila mieleka wale watu waliyeyuka, wala sikumwona hata mmoja akirudi kumjulia Bibi hali. Mama alisugua sakafu kwa majivu na maji ya moto, akavichemsha vitambaa vyake, viwili akavichoma kabisa. Baba mdogo alinuna wiki nzima, kisha akarudi Kidatu. Jioni tukawa tunatazama taarifa ya habari ya stesheni ya Dar es Salaam, na kila msomaji aliposema habari za jioni, Bibi aliitikia. Siku moja akaniuliza, "Mke mwenzangu, huyu mbona anasalimia watu wazima bila shikamoo, na hangoji kujibiwa?" Nikamweleza kwamba yeye kule alipo hatuoni sisi. "Basi hapo sawa," akasema, "nilidhani hajafundishwa." Baba ndiye aliyecheka zaidi ya wote, na baada ya hapo, kila jioni, alisogeza kiti chake mwenyewe mpaka kando ya kitanda kile.

Siku hizi watu huniuliza mimi ving'amuzi gani vinafaa, na huwa nawajibu kwa raha, kwa sababu hakuna asiyeweza kuelewa vitu hivi akielezwa polepole. Nawaambia wasinunue cha chini kabisa, wala wasidanganyike na cha juu. Nyumba zenyewe zimependeza. Hakuna mende, hakuna matope, hakuna anayetema sakafuni, na kila mtu ana kioo chake mkononi. Mwezi uliopita nilialikwa kwa mwenzangu wa kazini, Morogoro. Sebule yake inang'aa, inanuka maua ya dukani. Aliniambia kwa fahari kwamba hata mama mkwe wake, ambaye miguu haimbebi, wamemfanyia mpango mzuri, wamempa chumba chake nyuma kule uani, chenye vigae, na televisheni yake mwenyewe. Niliomba nikamsalimie. Mwenzangu alishangaa kidogo, akanionyesha njia, akabaki na simu yake.

Chumba kilikuwa safi kabisa. Mama yule alikuwa amekaa kitandani mbele ya kioo kikubwa kilichokuwa buluu tupu, bila picha, na sikuweza kujua kwa siku ngapi. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba, akanitazama mikono, akatazama nyuma yangu mlangoni kama kuna mwingine anayekuja, kisha akanisogezea rimoti kwa adabu.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye fundi?"