Mafuta Yaliyoosha Tangi

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu, na pale nitakapochanganya herufi. Niliishia darasa la saba na kalamu yangu inakwenda polepole. Kuongea mbele za watu ndiyo siwezi kabisa, kwa hiyo naandika. Wewe uliye mdogo kwangu nakuita mwanangu, ingawa mimi mwenyewe bado kijana. Mtoto wangu wa kwanza ndiyo kwanza anaota meno.

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka. Kisesa umeme ulikatika tangu alfajiri, na kwa jirani kulikuwa na msiba. Waombolezaji wamejaa uani, unga hakuna. Mashine pekee iliyoweza kusaga ilikuwa ya shangazi yangu Nyanzobe, ile ya injini ya dizeli. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeijaza biodizeli niliyoichukua kwa vijana wa mtaa wa Pasiansi, kule mjini. Wao hukusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa samaki na chipsi, wanayachuja, wanayachanganya na dawa, yanakuwa mafuta ya injini. Mimi ndiye niliyemshawishi shangazi ayajaribu, maana moshi wa dizeli ulikuwa unamkohoza.

Injini iliwaka vizuri. Moshi mwepesi, harufu kama ya kibanda cha chipsi. Akina mama waliopanga foleni na ndoo za mahindi wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Binti, leo tunasaga au tunakaanga?"

Ndoo ya pili haijaisha, injini ikakohoa, ikazima.

Kicheko kikageuka. "Umemuulia shangazi yako mashine!" "Na pale msibani je, watu wale kachumbari?" Nikabeba dumu la biodizeli iliyobaki, nikaelekea mtaroni kuimwaga.

"Weka chini!" shangazi akaniita. "Umeshaangalia kilichoizima?"

"Hapana, shangazi."

"Sasa unayahukumu kwa kesi gani? Lete spana."

Akafungua filta mbele ya wote. Ilikuwa imejaa tope jeusi, zito kama uji wa ulezi. Akalichota kwa kidole, akawaonyesha. "Huu ni uchafu wa dizeli ya miaka yote. Ulikuwa umelala chini ya tangi. Haya mapya yameukwangua." Kisha akanigeukia. "Na wewe, uliyaleta kwa sifa tu. Umesikia kelele kidogo, unataka kuyamwaga. Kitu hujakijua, usikisifu wala usikitupe."

Tukatoa lile tope, tukaosha filta, tukatoa hewa kwenye mpira wa mafuta. Injini ikawaka. Mchana haujafika, unga wa msiba ulikuwa umeshapelekwa. Yule mama wa kukaanga akajitwisha ndoo yake, akasema, "Haya, fundi chipsi, asante."

Leo nayajua mafuta haya na nayasema bila woga. Moshi wake ni mdogo, kifua cha shangazi kimetulia. Mafuta machafu ya vibandani hayamwagwi tena mtaroni yakateremka ziwani. Lakini asubuhi ya baridi huwa mazito, ukiyaweka muda mrefu yanaharibika, na mipira ya zamani huilegeza, yetu tumeshaibadilisha. Tena hayatoshi, yanapatikana kadiri watu wanavyokaanga. Na siku vijana wale watakapotaka kununua mafuta ya samaki sangara ambayo akina mama wanapikia, wayafanye ya injini, nitakuwa wa kwanza kukataa, hata kwa sauti yangu hii ndogo. Mtoto ale kwanza, injini baadaye.

Basi mwanangu, ukileta kitu kipya nyumbani, safisha kwanza cha zamani kitakachokipokea. Kikikwama, fungua uangalie kabla hujawasikiliza wanaokuzomea. Na ukishakijua, taja na ubaya wake.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kuchafuka, na mtu wa kukuambia "weka chini" kabla hujamwaga.

Nawe uliyefika hapa, niandikie. Niambie injini za kwenu zinakunywa nini. Ukikosea herufi usijali, mimi pia nasoma polepole.