Kokoto za Leonardi

Nyamburi hakujua kukaa. Ukimpa kiti alikaa ukingoni, macho yanatafuta sufuria la kusugua. Msiba ukitokea kijijini, wenye msiba hawajamaliza kulia vizuri, yeye ameshajifunga kanga kiunoni na kupanga mafiga. Alikuwa mjane, mzee wa kanisa katika mtaa mmoja mdogo upande wa Butiama, na riziki yake aliipata kwa dagaa aliowafuata Mwigobero, Musoma mjini, akawauza rejareja nyumbani. Jumamosi asubuhi, ukisikia ufagio unakwaruza sakafu ya kanisa, hukuwa na haja ya kuchungulia ni nani.

Mtu asidhani alikuwa mnafiki. Hata kidogo. Alimpenda Mungu kweli, ila alimpenda kama mfanyakazi anavyompenda bosi mwema: alitaka akija akute kila kitu kiko tayari, na jina la aliyefanya lijulikane. Aya ya neema aliijua kwa kichwa tangu utotoni. Kwamba mtu anaokolewa kwa kuamini na wala si kwa matendo yake, ndilo alilolifundisha darasa la watoto mwaka hadi mwaka, na mtoto aliyeshindwa kulikariri hakupata peremende. Yeye mwenyewe hakuona la kuchekesha hapo.

Leonardi alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki Leonardi akiwa bado wa kubebwa, na Nyamburi, naye msichana mdogo tu, ndiye aliyembeba, akamkorogea uji, akaenda naye kanisani mgongoni. Leonardi alipopata sauti ya kiume akaimba besi kwenye kwaya mpaka mabati yanatetemeka. Kisha habari za dhahabu zikamtoa kijijini, akaenda Buhemba kuchimba. Huko akapata, akalewa, akapata tena. Akamwacha mke wa ndoa, ambaye alirudi kwao Suguti kimya kimya, akaweka mwanamke mwingine ndani. Kanisa likamtenga.

Kutengwa kule si kufukuzwa. Ibadani unaruhusiwa kuja, lakini unakaa benchi la nyuma, na Meza ya Bwana ikiandaliwa, mkate na divai vinakupita. Unakaa hivyo mpaka mzee wa kanisa wa mtaa wako apeleke jina lako kwa mchungaji, usimame mbele ya watu utubu, urudishwe kundini. Mzee wa kanisa ndiye mlango. Na mtaa ule mlango wake ulikuwa Nyamburi, tena mlango mzito wa kufungua.

Dorkas aliujua uzito huo. Alikuwa jirani, mama wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kupika gongo, na alipoamua kuacha gongo na kurudi kundini, Nyamburi alimwambia kwanza tuone matunda. Dorkas alichota maji ya kanisa, akafua vitambaa vya madhabahu, akapalilia shamba la mchungaji, na bado akaambiwa subiri. Alirudishwa hatimaye, lakini hakusahau.

Basi Leonardi akarudi nyumbani. Alirudi peke yake, suruali imefungwa kwa kamba, anapanda kilima kidogo kama mtu anayebeba gunia. Hospitalini Musoma walimwambia dada yake kwamba mapafu yameharibiwa na vumbi la mgodini, asirudi tena kule, vumbi lile litammaliza. Nyamburi akaitikia kwa nguvu zote. Mgodini harudi, alisema, nitamfunga hata kamba. Akampa chumba cha nje, akamlisha, akamnenepesha kidogo.

Siku moja alikuwa akichambua dagaa uani, Leonardi akaja akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Dada, nataka kurudi kundini."

Mikono ya Nyamburi ikasimama, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Umefikiria vizuri?"

"Nilikuwaga nafikiria hata kule shimoni. Saa hizi nimechoka kufikiria. Nimeshamwambia Yesu yote, mpaka na yale wewe huyajui. Nimemwambia sina cha kumpa, anichukue hivi hivi. Wewe mwambie tu mchungaji."

Moyo wa Nyamburi uliruka kwa furaha. Miaka yote alikuwa akiliombea neno hilo. Lakini kabla furaha haijamfika mdomoni, akamkumbuka Dorkas, ambaye juzi tu pale bombani alikuwa amesema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Tutaona sasa. Sisi tulichota maji mpaka utosi ukaota sugu. Wa kwake atapitishwa dirishani."

"Bado, mdogo wangu," alisema Nyamburi. "Nikipeleka jina lako sasa hivi watasema nimekubeba."

"Waseme nini, dada? Si nimetubu?"

"Umetubu ndani. Watu wanaona ndani? Fanya kazi wakuone. Kanisa jipya tunalojenga linataka kokoto za msingi, na mawe wewe umeyazoea."

Leonardi alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Hayo kweli nimeyazoea," alisema.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na mwamba, kama ilivyo huku kila mahali. Leonardi aliukokea moto wa magogo mpaka ukapasuka, akabandua vipande, kisha akaketi chini kwenye gunia, akaweka jiwe ndani ya duara la mpira wa gari lisimruke, akaponda kwa nyundo. Alijifunga kitambaa mdomoni. Alikuwa fundi kweli; kokoto zake zilitoka za saizi moja, na wapita njia walisimama kusifia. Alipokohoa, nyundo ilinyamaza. Akimaliza, ikaanza tena. Vumbi jeupe lilimkaa kwenye nyusi na kwenye ndevu.

Nyamburi alimletea uji pale pale. Vumbi alilionesha yeye mwenyewe kwa watu kwa fahari, angalieni mdogo wangu alivyo. Vumbi aliloambiwa hospitalini lilikuwa la mgodini, na hapa hapakuwa mgodini, hapa palikuwa kwa Mungu. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na ukimuuliza sasa hatakuficha, ingawa itabidi ungoje amalize kulia.

Mchungaji Werema alikaa Bunda na alikuwa na mitaa mingi, kwa hiyo Meza ya Bwana pale kwao ilifika mara chache tu kwa mwaka. Jumapili alipokuja, wazee wa kanisa walikusanyika naye kwenye chumba kidogo cha pembeni, akauliza swali lake la siku zote. "Yuko wa kurudi kundini?"

Kupitia dirisha Nyamburi alimwona Leonardi kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, kola imesimama, mikono imepakwa mafuta ili mipasuko isionekane. Rundo la kokoto nje lilikuwa limefika usawa wa kifua cha mtu. Na mabenchi mawili mbele yake alikuwa Dorkas, ameketi wima, anangoja kuona.

"Yupo mmoja," alisema Nyamburi. "Lakini bado anaandaliwa."

Mchungaji akamwangalia. "Anaandaliwa au hajataka?"

"Anaandaliwa, mchungaji. Meza ijayo."

Ibada ikaenda, na hakuna jina lililoitwa. Siku hiyo zamu ya kupitisha sinia la vikombe ilikuwa ya Nyamburi. Alipita benchi kwa benchi, akampa Dorkas kikombe chake, akafika nyuma. Leonardi aliinua uso. Hakuwa na kinyongo usoni, na hilo ndilo lililomchoma dada yake. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayemwambia ni sawa, pita tu. Nyamburi akageuka na sinia lake. Baadaye wanawake walimshika mkono mlangoni wakamwambia kweli wewe hupendelei, na Dorkas mwenyewe alikaa kimya kwa mara ya kwanza. Nyamburi alirudi nyumbani ameridhika, na alipika kuku.

Mvua zilipoanza, Leonardi hakuweza tena kuinua nyundo. Alitema damu kwenye kopo, akalificha. Dada yake akalikuta. Safari hii hospitalini hawakuwa na maneno mengi. Mmoja wa wauguzi aliiona mikono yake akauliza anafanya kazi gani, na alipoambiwa aliweka kalamu chini, akamtazama Nyamburi tu. Njia nzima ya kurudi Nyamburi alikuwa akijibu swali ambalo hakuulizwa.

Alikata shauri akifika atampigia mchungaji simu. Lakini mtandao ulisumbua, na dagaa walikuwa wamelowa, na kesho ipo. Mchana wa siku iliyofuata alimpelekea mgonjwa uji, akamkuta ameomba alazwe karibu na mlango apate hewa.

"Dada," alisema Leonardi, "zile kokoto zimetosha?"

Jibu lilikuwa neno moja, na Nyamburi alilijua. Lakini aliogopa. Alifikiri akimwambia zimetosha atajiachia aende, na mtu akiwa na kazi iliyobaki huwa anajikongoja ainuke. Yeye mwenyewe aliishi hivyo siku zake zote.

"Zimebaki kidogo tu, mdogo wangu. Pona umalizie."

Leonardi akafumba macho. "Basi sitawahi," alisema.

Uji ulikuwa haujapoa alipokata roho.

Kwa desturi ya pale, aliyekufa akiwa ametengwa hapitishwi kanisani. Nyamburi hakuomba apendelewe. Kwa hilo pia alikuwa tayari kuwa mfano. Mchungaji Werema alikuja kwa pikipiki kutoka Bunda, mvua ikimpiga, akawakuta vijana wameweka jeneza chini ya mti, nje. Aliuliza kwa nini. Akaambiwa. Akavaa kanzu yake ikiwa imelowa, akasema aingizwe, akashika mwenyewe upande mmoja wa jeneza. Watu wakaangaliana. Aliyeanzisha wimbo alikuwa Dorkas, na aliimba huku analia, mpaka wengine wakaona aibu kukaa kimya.

Walipotawanyika, Nyamburi alimfuata mchungaji kwenye kile chumba cha pembeni. Hakuketi.

"Mchungaji, yule aliyekuwa anaandaliwa ni huyu."

"Nilihisi. Alikuambia lini kwamba ametubu?"

"Tangu kiangazi, mchungaji. Kabla ya kokoto."

Mchungaji alikuwa kijana kwake, wa umri wa mwanawe, na alimheshimu. "Mama, ningemrudisha siku ile ile aliyosema. Ungenipigia, ningekuja hata katikati ya wiki. Lilikuwa jambo la kuuliza anaamini, na yeye kujibu."

"Na kazi?"

"Kazi gani, mama?"

Hapo Nyamburi akasema lile alilojia. "Basi nitenge mimi. Niweke benchi la nyuma mbele ya watu wote. Uzee wa kanisa nivue. Zile kokoto zilizobaki nitaziponda mwenyewe, na mchanga nitausomba kutoka mtoni, peke yangu, asinisaidie mtu."

"Uzee wa kanisa tutaongea, maana tumekosea wote, na mimi niliyekubali kuambiwa 'anaandaliwa' nisiulize zaidi nimo. Lakini ukitaka msamaha, mama, sina kazi ya kukupa. Umwombe Mungu, atakusamehe."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Bure?"

"Bure."

Alikasirika. Watu waliomwona akitoka wanasema alipita kati yao bila salamu, uso umemwiva. Nani anataka kusamehewa bure kosa la namna ile? Angepewa mlima auvunje kwa kijiko angeushukuru mlima. Tena aliona jambo baya zaidi: kama kwake ni bure, basi kwa Leonardi pia ulikuwa bure, tangu siku ile ya kinu, na kila pigo la nyundo lilikuwa la kulipia kitu ambacho hakijawahi kuuzwa. Akikubali msamaha huu, amekubali na hilo. Akiukataa, angalau kokoto zinabaki na maana.

Aliukataa majuma mengi. Alifagia, akasomba mchanga, akaugua mgongo. Wanawake wakamwambia pumzika, akawafokea. Aya ya watoto hakuweza kuifundisha tena. Akifika katikati anaishia hapo, na Dorkas ndiye aliyekuwa akimalizia.

Halafu siku moja mchana, nyumba ikiwa kimya, alipiga magoti kwenye chumba cha nje. Alianza kama alivyozoea. Nisamehe Bwana, nami nitafanya. Akakwama pale kwenye nitafanya. Akaanza upya, na mdomo ukafika tena pale pale, ukiwa na ndoo za maji, mafiga na mawe ya kuahidi. Ilimchukua mpaka jua lilipogeuka kuisema sala yote bila kuongeza kitu, nisamehe, sina cha kukupa, nichukue hivi hivi, na alipoisikia kwa masikio yake alijua ni ya nani, na ni nani aliyemwambia mwenye sala ile kwamba haitoshi.