Mkono Uliochomelea Boila

Dereva alizima injini na kututangazia kwamba daraja la mbele limekatika, na kulitengeneza kutachukua siku nne au tano. Nikabaki na begi langu katika mji ambao nilikuwa nimepanga kuupita usingizini. Mwenye duka la madaftari alinielekeza kwenye nyumba yenye chumba cha kupangisha, ya fundi mstaafu wa karakana ya reli. Wenzake walimwita Bwana Geji, kwa sababu zamani aliweza kukwambia shinikizo la mvuke kwa kusikiliza tu.

"Usishangae ukisikia tupa ikikwaruza chuma asubuhi mpaka jioni," alisema mwenye duka. "Anatengeneza treni."

"Treni?"

"Ndiyo, treni. Inakaa mezani, lakini inakula makaa kama ile kubwa."

Ilikuwa kweli. Chini ya chumba changu kilisimama kichwa cha treni chenye urefu wa dawati la shule, na magurudumu yake yote mzee aliyakereza mwenyewe. Miaka kumi na mmoja ya kazi. Kilichobaki ni boila, mtungi wa shaba nyekundu wa kuchemshia maji yawe mvuke, ambao viungo vyake huunganishwa kwa waya wa fedha unaoyeyushwa kwa moto. Jumapili iliyofuata, chama chao cha watengeneza treni ndogo kingeziendesha kwenye reli yao bustanini, na yeye alitaka awepo.

Siku ya pili niliteremka kuomba maji ya moto. Mlango wa karakana ulikuwa wazi kidogo. Aliyeshika moto alikuwa mkewe, amevaa miwani myeusi, ameinama. Shaba iliiva, akagusisha waya, na fedha ikakimbia kuzunguka kiungo kama maji yanayojua njia. Mumewe alisimama pembeni, mikono mfukoni. Aliponiona alitoa mkono mmoja kufunga mlango. Mkono ulitetemeka kama kifuniko cha birika linalochemka.

Jioni nilimkuta mama akianua nguo.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, mama."

"Basi umeona. Baba yangu alikuwa fundi wa taa za bati. Nimeshika moto kabla sijashika kalamu. Mume wangu mikono ilianza kumtetemeka, miaka mitatu sasa, na wenzake hawajui. Ameniomba nisiseme, nami nikamwambia sawa." Akakunja shati. "Wewe ni mpita njia, utaondoka na siri hii."

Siku ya nne alikuja mkaguzi wa chama, mtu mzima mwenye kitambi, aliyejifunza kazi chini ya Bwana Geji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umenenepa."

"Na wewe ulikuwa unanichapa rula nikiacha tone la fedha linaning'inia. Leo nimekuja na rula yangu!"

Wakacheka. Boila lilijazwa maji mpaka pomoni, kisha mkaguzi akapiga pampu ya mkono hadi shinikizo likawa mara mbili ya lile la kazini. Hutumia maji kwanza, alinieleza, kwa sababu maji yakitoboa yatakulowesha suruali, lakini mvuke ukitoboa kuna mtu atakwenda hospitali. Tukaikodolea macho sindano ya geji. Nusu saa nzima haikusogea hata unywele.

Mkaguzi alipitisha kidole gumba kwenye kiungo. "Tazama mshono huu! Fundi, mkono wako haujazeeka hata siku moja."

Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia la chai. Kikombe cha mkaguzi kilijaa, changu kilijaa, cha mumewe kilikuwa nusu.

"Mkono ni ule ule," alisema Bwana Geji, mikono mfukoni.

"Na wewe uliyetembea dunia," mkaguzi akanigeukia, "umewahi kuona kazi kama hii?"

"Sijawahi," nilijibu, macho kwenye chai. Lilikuwa neno la kweli, na lilifanya kazi ya uongo.

"Karibuni chai," alisema mama, akatoka.

Mkaguzi alitoa kibao kidogo cha shaba cha kufungwa mgongoni mwa boila. Sharti la chama ni kwamba aliyechomelea agonge hapo herufi za jina lake, ili likitokea jambo ajulikane wa kuulizwa. "Niletee pamoja na boila kabla ya saa kumi nitie muhuri," alisema, akaenda zake.

Bwana Geji alijaribu kwanza kwenye kipande cha bati. Herufi ya kwanza ililala upande. Ya pili nyundo iliangukia kidole. Akakitupa kile kipande chini ya meza na kuita, "Mama watoto!"

Mama akaja akifuta mikono.

"Nigongee. Herufi mbili tu."

Alikibana kibao kwenye jiliwa, akafungua kisanduku cha herufi za chuma, akainua nyundo. "Herufi gani?"

Hakuwa na kejeli. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza mteja. Mzee alikitazama kibao. Akanitazama mimi. Nikageukia kalenda ukutani na kuisoma kwa bidii.

"Sema, mzee, mkono unachoka. Herufi gani?"

"Weka nyundo chini," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Pale karakana ya reli kulikuwa na mtu aliyetia jina lake kwenye kazi za wenzake. Tulikataa hata kula naye meza moja."

"Sasa leo utakula wapi?"

Alitaka kucheka, uso ukagoma. "Chama hakina mwanamke hata mmoja. Wanaweza kulikataa boila. Na mimi watasema nimekwisha."

"Watasema mikono inatetemeka. Kwani haitetemeki?"

Mzee alimwaga maji, akalifunga boila kwa taulo, na mkewe akalitia kwenye mfuko wa kuning'iniza begani ili asihitaji kulishika. Kibao akakitia humo humo, hakina herufi hata moja. Nilijitolea kumsindikiza. "Hapana," alisema bila kunitazama. "Nitalisema mwenyewe."

Tulimwangalia kutoka mlangoni. Kwenye kona alikutana na mwenye duka la madaftari. Alisita, kisha akautoa mkono mfukoni na kumpa. Mwenye duka aliushika, akautazama, akaendelea kuushika. Halafu mzee akakata kona.

Nilirudi ndani nikusanye vikombe, angalau nifanye kitu. Mama alikuwa anafunga kisanduku cha herufi.

"Na wewe, mgeni, ulikuwa unasoma nini pale ukutani?"

"Kalenda, mama."

"Ya mwaka juzi," alisema, akanipokonya vikombe na kwenda kuviosha.