Nahodha Tuliyemkatalia Kufa

Enzi zetu hadithi hazikuhitaji chaji. Zilimhitaji Bi Rukia, msichana aliyeuza katika duka la madaftari pale Mlandege, akitafuna ubani na kuandika huku anakuuzia penseli. Daftari lake kubwa alilifunga kwa uzi kwenye kaunta, na ndani yake mlikuwa na mji mzima: Mwambakuu, mji wa chini ya bahari, wenye masoko yake, malkia mchoyo, na nahodha mwanamke aitwaye Mwanaheri.

Tukitoka skuli tulipitia dukani kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, mitandio imetuteremka mabegani, vidole vinanata kwa barafu ya ukwaju. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakimkemea, "Rudia hapo! Usiruke!" Bi Rukia alikuwa na sharti moja: "Mwenye neno lake aandike pembeni. Mkichana ukurasa, tunagombana."

Basi tuliandika. Mimi nilimtia malkia jipu. Wiki ya pili nikakuta jipu limeingia kwenye hadithi yenyewe, limeiva, na baraza zima la mawaziri limekaa kulijadili! Nilipiga kelele mpaka muuza vitambaa wa jirani akatoka nje. Jipu langu, Mwambakuu!

Kisha siku moja Mwanaheri akafa. Alizama pangoni, Bi Rukia akapiga mstari. Tulilia kama tuliofiwa. Mama aliniuliza nani kafariki, na nilipomweleza akasema, "Ungelilia hesabu hivyo, ungekuwa wa kwanza darasani."

Tukajazana dukani kumtetea nahodha wetu. Mimi nilileta samaki mkubwa ammeze kisha amtapike ufukweni. Bi Rukia akacheka. "Hiyo nshaisikia chuoni."

Nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi, tuliishi na Mwajuma, binti wa mama yangu mdogo, aliyeletwa kutoka Makunduchi, kusini ya kisiwa chetu, kusoma mjini. Kila alipofungua mdomo tulikicheka Kikae chake, lugha ya kwao, na mimi ndiye niliyekuwa wa mbele. Mwisho akawa hasemi kabisa. Siku ile alipenya katikati yetu, akaweka kauntani karatasi nne zilizokunjwa, akageuka kuondoka.

"Mwajuma!" Bi Rukia akamwita.

"Naam."

"Hebu kaa hapa."

Akazisoma kwa sauti. Mwanaheri hakuzama. Mkondo ulimtoa pwani ya kusini, kwa wanawake wanaolima mwani, nao wakamvuta kwa kamba zao na kumpa pole kwa Kikae, kwa maneno yale yale tuliyokuwa tukiyacheka. Hakucheka mtu. Uso uliniwaka moto.

Bi Rukia aliacha kutafuna. "Mimi nlishamzika," alisema, "na huyu kamfufua. Basi kusini yote ni ya Mwajuma. Aandike yeye, mimi sigusi." Akampa kalamu yake mwenyewe. Mayowe yaliyopigwa! Tulimkumbatia mpaka mtandio ukamvuka.

Njiani nilimwomba radhi. Alinijibu kwa Kikae, bila kuogopa, kwamba kashanisamehe, lakini yule malkia wangu ataletwa kusini akatumbuliwe jipu.

Siku hizi binti yangu anatunga hadithi kwenye simu pamoja na wenzake wa Mombasa na Dar asiowahi kuwaona. Wanagombana nani amuoe nani, wanatumiana vikaragosi vinavyolia. Namwambia sisi tulitoa machozi yenyewe. Ananitazama kama sanduku la makumbusho. Wasomaji wao ni wengi kuliko tuliowahi kuwaota, na nawafurahia kwa kweli. Ila akiandika jambo tamu, chumba kinabaki kimya, husikii ila kidole kwenye kioo. Enzi zetu ulizisikia pumzi za wenzio shingoni, zikakatika zote kwa pamoja, ukajua hapo umepatia.