Mupunga ya Kambo, Mupunga ya Mama

Juzi mukwe wangu alipika muchele ya gunia yenye ilitoka Mokambo, kule ku mupaka. Nilikula, nikashiba, lakini haikunukia kitu. Kwetu, kule kaskazini ya Katanga, ukipika muchele mupya, jirani anakuja na sahani yake mwenyewe, bila kuitwa.

Mwaka moja panya zilikula mbegu yetu. Ilibakia kitunga moja tu, na njaa ilikuwa inakuja. Kambo, njo vile tulikuwa tunaita mama ya baba, alisema tuimwage mu matope ya bwawa vile alizoea: unalima, unarusha, unarudi kwako. Mama akakatala. Alisema mbegu ni kidogo, ndege zitakula nusu. Afazali kuiotesha kwanza pahali padogo, kiisha kungoa miche na kuipandikisha moja-moja mu matope.

"We mukwe," Kambo akamuambia, "unataka kupanga mupunga mu mustari sawa batoto ya masomo?"

"Ndiyo, mama. Ya kwako utaitafuta mu majani."

Basi, bakagawa kitunga. Mimi nilitumika kazi kwa bote babili, njo maana najua. Kwa Kambo, kupanda kuliisha mbio. Lakini kiisha ni kugonga bidebe tangu asubui kufukuza ndege, na kungoa majani yenye inafanana na mupunga kabisa, nikikosea, kofi. Kwa Mama, mugongo ilivunjika, maji mu magoti, ruba zinaninyonya miguu. Lakini majani niliyaona mbio, juu hayakuwa mu mustari.

Ya Kambo iliiva mbele. Ilikuwa haba, lakini ilitukuta na njaa, tukaikula yote. Kambo akaimba mbele ya mulango ya Mama. Mama akakula pia. Kiisha ya Mama ikaiva, nzito, gala ikajaa. Bila ya Kambo hatungefika ku ya Mama. Bila ya Mama, njaa ingeturudilia.

Mwaka yenye ilifuata, Kambo alikuja na kitunga bupu kuomba mbegu kwa Mama. Mama akamujazia mpaka juu. Kambo akashukuru muzuri, akaenda ku bwawa, akaimwaga yote. Mama alicheka mpaka akaikala chini.

Bote babili balikufa. Bananiambia ile bwawa imekuwa majani tu. Bajukuu yangu hapa Katuba, mu muji, beko bantu ya akili, hakuna mutoto wa mutu anabashinda, nasema bila haya. Lakini nikibapa leo kitunga ya mbegu, bataniuliza: "Kambo, sufuria iko wapi?"