Kompyuta ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na ugonjwa wa misuli. Ulimnyang'anya miguu akiwa bado shule ya msingi, kisha ukaanza kupanda taratibu kuelekea mikononi. Tuliishi mtaa wa Umoja, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Nikiwa nyumbani nilimteremsha ngazi nimembeba mgongoni. Nikienda kazini alibaki juu na mama na kompyuta yake.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba. Kwa kompyuta hiyo alicheza mpira mtandaoni na vijana wa mtaa aliosoma nao. Mchana walikimbia uwanjani kwenye vumbi. Jioni walikutana naye kwenye skrini, na huko aliwafunga mabao bila huruma. Nilikuwa nikivua viatu mlangoni namsikia akiwacheka.

Kisha ikaanza kuganda. Mchezaji alikuwa akisimama ghafla mguu ukiwa hewani, feni ikivuma kama blenda, na picha ikirudi tayari amefungwa. Alipoacha kucheka nikaamua kununua nyingine, ila nilitaka kwanza fundi aitazame.

Fundi alikuja Jumapili mchana, akaifungua juu ya meza ya sebuleni.

"Naweza kuongeza memori na kubadilisha kadi ya picha," alisema, "lakini bodi imechoka. Itakusukuma mwaka mmoja, miwili hivi. Ukichukua mpya utakaa nayo miaka."

"Mwaka mmoja, miwili inatosha," mdogo wangu akamjibu.

Alisema kawaida tu, kama mtu anayekataa sukari ya ziada. Mama alikuwa akichambua majani ya sukuma karibu na mlango wa jikoni. Mikono yake ilisimama. Fundi hakuelewa, akaendelea kusifu mashine mpya mpaka nikamwomba arudi siku nyingine.

Alipoondoka nikamwambia mdogo wangu kwamba nitanunua mpya, atake asitake.

"Bro, siku ile daktari anaongea na wewe, sikuwa nimelala."

Nikageukia kompyuta iliyokuwa bado wazi mezani.

"Weka memori," akasema. "Mpya nitamwachia nani? Wewe hata kutoa pasi ya mpira hujui."

Nilicheka kidogo. Halafu nikaingia chumbani nikakaa kitandani na kulia, mdomo nimeuziba kwa blanketi ili mama asinisikie. Kwangu, kununua mpya ilikuwa njia ya kubishana na daktari. Mwenye ugonjwa alikuwa ameshamaliza kubishana.

Tukafanya alivyotaka. Kompyuta ikaacha kuganda, na kwa miezi kadhaa kicheko kilirudi. Vidole vyake viliposhindwa kubonyeza, wale vijana walianza kupanda ngazi kuja kwetu. Mmoja alishika vidhibiti, naye mdogo wangu akawa anamwelekeza: pasi kushoto, ngoja, sasa piga. Mama aliwapikia chai, na sebule ilijaa soksi zenye vumbi.

Mdogo wangu alifariki hospitalini, kifua kikiwa kimelemewa, kabla hata mwaka mmoja haujatimia.

Vijana waliendelea kuja kwa muda. Walikaa na mama, wakanywa chai, lakini hakuna aliyewahi kuomba kucheza. Siku moja mama aliniuliza kama tumpe mmoja wao kompyuta ile. Nilimwambia angoje kidogo. Huwa naiwasha, nasikiliza feni, nauona mchezo ukinisubiri nichague timu, kisha naizima.